Shajara ya goti la mama: mipira ya kuvuta, tyubu ya baiskeli na ndoo ya maji

Januari, wiki ya pili

Kuanzia leo kila kinachofanyika kwenye goti la mama kitaandikwa hapa: zoezi gani, mpira gani (ule mkanda wa mazoezi unaovutwa), unavuta kilo ngapi, maumivu yalikuwaje wakati wa zoezi na goti limeamkaje kesho yake asubuhi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyetuagiza tuandike. Alisema wagonjwa wengi wa magoti huanza kwa bidii, kisha wanashindwa kujua kama wanasonga mbele au wako palepale, na hapo ndipo wanapoacha.

Mama ana miaka 67 na tunaishi naye hapa Tanga. Goti la kushoto limemsumbua kwa miaka. Mwishoni mwa mwaka jana lilifikia mahali hata ngazi za barazani anazipanda kwa kushika ukuta, mguu mzima ukitangulia na mbovu ukifuata. Eksirei inaonyesha gegedu limesagika, upande wa ndani kuliko wa nje. Presha anayo, anatumia dawa na imetulia. Anasali kwenye kiti. Akikaa mkekani, kumwinua ni kazi ya watu wawili, na hilo linamuumiza moyo kuliko goti lenyewe.

Tulipoulizwa lengo letu ni nini, nilitaka kusema maumivu yapungue. Mama akanitangulia: "Mimi nataka niinuke mkekani bila kumwita mtu." Mtaalamu akaliandika hivyo hivyo, na mimi nimeliandika juu ya ukurasa wa kwanza.

Vipimo vya kuanzia tumevichukua leo nyumbani. Kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimeta 43, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mama anakunja mikono kifuani, anasimama wima kabisa na kukaa, anarudia kwa sekunde 30. Amepata 6. Kwa wanawake wa miaka 65 hadi 69 kiwango cha kawaida cha kipimo hiki ni kati ya 11 na 16. Halafu tepu ya fundi cherehani: sentimeta 15 juu ya pia ya goti, paja la kushoto ni jembamba kuliko la kulia kwa sentimeta 2 na nusu. Akikaa na kunyoosha mguu, wa kulia unanyooka moja kwa moja, wa kushoto unabaki na kipinda kidogo mwishoni.

Januari, siku chache baadaye

Nyumba haijakaukiwa na wageni, na kila mgeni ana dawa ya goti. Neno linalorudiwa na wote ni kwamba ute umekauka. Mmoja amekuja na chupa ya dawa ya kuongeza ute, na bei yake ni zaidi ya nauli zetu zote za hospitali za mwezi.

Nilikaa na mama tukalizungumza taratibu, kwa sababu hofu ya ute kukauka ndiyo inayowafanya watu wasilisogeze goti kabisa. Goti la mama likivimba, kile kinachovimba ndani ni ute uliozidi. Kinacholika ni gegedu, ile ngozi ngumu na laini inayofunika ncha za mifupa. Na kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye eksirei: goti likiuma na kuvimba, mishipa ya fahamu huuzuia msuli wa mbele ya paja usikaze kwa nguvu zake zote. Msuli usiokazwa husinyaa, na ukisinyaa, kila hatua inaangukia kwenye kiungo bila kupokelewa. Goti linauma zaidi, mtu anazidi kukaa, msuli unazidi kwisha. Zile sentimeta 2 na nusu za paja zilimwingia mama akilini kuliko maneno yangu yote. Alishika tepu mwenyewe akapima tena.

Chupa tumeirudisha kwa heshima. Miongozo ya tiba ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2022 inaweka mazoezi kuwa tiba ya msingi kwa kila mwenye ugonjwa huu wa gegedu kulika, na inataka mgonjwa aambiwe mapema kwamba mwanzoni maumivu yanaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka. Ndivyo alivyoambiwa mama pia.

Januari, wiki ya tatu

Mipira imefika. Mtaalamu alisema tuanze na njano, kisha nyekundu, kisha kijani. Nilinunua seti ya rangi tano duka la vifaa vya michezo, na njano ya seti ile nilipoivuta kwa mkono niliona ni nzito kuliko nyekundu yake.

Hili linahitaji kuelezwa vizuri, maana naamini linawaumiza watu. Rangi za mipira hii hazina mpango mmoja wa dunia nzima. Mpangilio wanaouzungumzia wataalamu wengi ni wa mipira ya chapa ya TheraBand, na wenyewe wametangaza nguvu zake: mpira ukivutwa hadi urefu wake uwe mara mbili, njano inavuta takriban kilo 1.3, nyekundu 1.7, kijani 2.1, bluu 2.6, nyeusi 3.3. Mtengenezaji mwingine anaweza kuipa njano nafasi ya tatu kwenye seti yake, na hakuna anayemkataza. Mgonjwa akiambiwa "anza na njano" halafu akaenda dukani, anaweza kurudi na mzigo mara mbili ya ule aliokusudiwa.

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Nimefunga ncha ya mpira kwenye tawi la mwembe uani, nikaweka alama mbili za chaki zilizoachana sentimeta 30, na chini nikaning'iniza ndoo ndogo. Maji nayamimina kwa chupa ya nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo tupu niliipima dukani kwa jirani: gramu 400. Alama zikifika sentimeta 60, nasimama na kujumlisha. Njano ya dukani: kilo 2.4. Nyekundu ya seti ileile: 1.9. Nyepesi kuliko zote ni ile ya kijani, 1.4. Nimeandika kilo juu ya kila mpira kwa kalamu ya wino usiofutika, na nyumbani kwetu rangi hazitajwi tena. Tunasema "lete ya moja na nne."

Mambo mawili niliyoyaona wakati wa kupima. Mpira mpya ukivutwa mara ya kwanza ni mgumu kuliko utakavyokuwa baadaye, kwa hiyo uvute mara kadhaa kabla ya kupima. Pili, mpira ukifungwa kitanzi kuzunguka mguu wa kiti na kifundo cha mguu, zinavuta nyuzi mbili, na nguvu inakuwa maradufu. Tofauti ya fundo tu inageuza kilo 1.4 kuwa 2.8.

Februari, mwanzoni

Mazoezi ni manne, siku tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Kunyoosha goti ukiwa umekaa. Kuvuta kisigino nyuma chini ya kiti. Kufungua magoti ukiwa umekaa, mpira umezungushwa mapajani juu kidogo ya magoti, kwa ajili ya misuli ya pembeni ya nyonga. La mwisho ni kusimama na kukaa bila mpira. Kila moja mara 10, anapumzika, mara 10 tena.

La kwanza ndilo lililotupa kazi. Mpira umefungwa mguu wa nyuma wa kiti, unapita chini, unashika kifundo cha mguu. Mguu ukiwa umening'inia, mpira unavuta moja kwa moja kwenda nyuma na msuli unaupinga kikamilifu. Mguu unavyozidi kunyooka, mpira unarefuka na kukaza, lakini unaanza kulala sambamba na muundi, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inasukuma mguu kuelekea kwenye goti badala ya kulikunja. Nilichora na kupiga hesabu kwa vipimo vya kiti chetu: mguu ukinyooka kabisa, chini ya nusu ya nguvu ya mpira ndiyo inayopingana na msuli. Kwa goti la mama hiyo ni heri, kwa sababu pale mwishoni ndipo anapokuwa dhaifu zaidi. Mpira uleule ukifungwa juu zaidi au karibu zaidi unakuwa zoezi jingine. Nimepiga rangi ya kucha mahali pa kufungia, ili hata akiwepo mjukuu peke yake asipakosee.

Kifundoni mpira ulikuwa unamkata. Mama mwenyewe ameleta suluhisho: kanga kuukuu, imekunjwa mara nne kwa urefu, inazungushwa kifundoni kwanza na mpira unafungwa juu yake.

Kuhusu pumzi. Mwenye presha hatakiwi kubana pumzi wakati wa kuvuta, maana presha inapanda ghafla. Kumkumbusha mtu "pumua" kila mara kunachosha pande zote mbili. Mama amezoea kusema "Subhanallah" kwa sauti kila anaponyoosha mguu, na mtu akisema kwa sauti pumzi lazima itoke. Sijawahi kuona njia bora zaidi ya hii kwenye karatasi yoyote ya mazoezi.

Maumivu tunayapima kwa 0 hadi 10. Hadi 2 hakuna neno. Kuanzia 3 hadi 5 yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi goti liwe limerudi lilivyokuwa. Zaidi ya 5, tunapunguza mpira. Utaratibu huu unatumika Denmark kwenye mpango wao wa mazoezi uitwao GLA:D ulioanza mwaka 2013 kwa wagonjwa wa magoti na nyonga. Mama wiki hii anataja 4, siku nyingine 3. Asubuhi yuko sawa.

Februari, katikati

Tatizo la ngazi. Kutoka mpira wa kilo 1.4 kwenda 1.9 ni kuongeza zaidi ya theluthi moja ya mzigo kwa siku moja, na kutoka 1.9 kwenda 2.4 si haba pia. Mguu wa kulia unapanda bila shida. Wa kushoto ukipandishwa hivyo, maumivu yanafika 6.

Nikafikiria tyubu. Kila anayefunga mzigo nyuma ya baiskeli au bodaboda anaujua ule ukanda mweusi wa mpira. Nimekwenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu na kumwomba tyubu za inchi 28 zilizotobolewa zisizozibika. Hakutaka hela. "Mpelekee mama, mwalimu, akipona tutakunywa kahawa," akanichagulia zenye mpira mzima, akakata valvu na kuziosha unga wa ndani kwa maji.

Tyubu moja ikipasuliwa kwa urefu inafunguka upana wa sentimeta 7 hivi, na urefu wake unapata mita mbili. Nimekata kwa rula na wembe mpya juu ya ubao, kwa sababu kingo ikichanika kama msumeno, mpira unaanza kukatikia pale pale. Kisha mwembeni, ndoo na maji:

upana wa sentimeta 1.5, kilo 1.6;
upana wa sentimeta 2, kilo 2.1;
upana wa sentimeta 2.5, kilo 2.6;
upana wa sentimeta 3, kilo 3.1.

Kila nusu sentimeta ya upana inaongeza nusu kilo. Nilipoona namba zile zimejipanga hivyo nilimwita mama aje aone, akaja mpaka chini ya mwembe kwa miguu yake. Hatuhitaji tena kungoja rangi ifuatayo ya dukani. Nikitaka kilo 1.8, nakata milimita 17.

Tyubu hizi si mpira uleule wa mikanda ya dukani. Mikanda ya mazoezi mingi ni utomvu wa mti wa mpira, inarudi kwa kasi mkono ukiachia. Tyubu za baiskeli nyingi ni mpira wa viwandani uitwao butili, unaoshika upepo vizuri na unaorudi kwa uvivu. Kwa kuvuta, kilo ni zilezile. Kwa kurudisha mguu taratibu, butili inasaidia kidogo kuliko unavyotarajia, kwa hiyo nimemwomba mama arudishe kwa hesabu ya tatu, asiuachie mguu uanguke. Kurudisha ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayomfaa mtu anayeshuka ngazi.

Mtaalamu ameviona vipande vyetu kliniki, akavuta kila kimoja, akaomba nakala ya orodha. Alituonya jambo moja: tusitumie tyubu yoyote yenye kiraka.

Februari, mwishoni

Kushoto yuko kilo 1.8, mara 12 kwa seti. Kulia kilo 2.6. Maumivu 3. Hakuna jipya.

Machi, mwezi wa Ramadhani

Niliogopa mwezi huu utatukatisha. Mama hataki kusikia habari ya kuacha kufunga, na daktari wake wa presha amemruhusu kwa masharti ya muda wa dawa. Kufanya mazoezi alasiri na kiu ya joto la Machi haiwezekani, na mara baada ya kufuturu tumbo limejaa. Tumejaribu nyakati mbalimbali na iliyokaa ni saa moja hivi baada ya futari, kabla hajajiandaa kwa tarawehe. Ameshakunywa maji, uji umeshuka, na jua halipo.

Mazoezi tumeyapunguza yakawa mawili: kunyoosha goti na kusimama na kukaa. Kilo hazijaongezwa mwezi mzima. Msuli uliokwisha kujengwa haudai kazi kubwa ili ubaki, unadai tu usisahauliwe.

Katika usiku mmoja wa mwezi huu niliona jambo ambalo halimo kwenye jedwali. Mama alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mbuzi yetu ina kimo cha kama sentimeta 20. Tangu mwaka juzi nazi zimekuwa zikikunwa na wengine huku yeye akitoa maelekezo kutoka kwenye kiti. Sikujua amekaaje. Akamaliza, akaegemeza mkono mmoja kwenye ukuta, akainuka, akaninyooshea bakuli la machicha.

Aprili, baada ya Idd

Goti limevimba. Idd ilileta watu, na mama alisimama jikoni siku mbili mfululizo kwa pilau na biriani, hakuna aliyeweza kumkalisha. Asubuhi ya leo goti lina joto kidogo na halikunjiki vizuri. Maumivu 6 akiwa anatembea tu.

Tumempigia simu mtaalamu. Maswali yake yalikuwa: kuna homa? Ngozi imekuwa nyekundu? Shavu la mguu linauma au limevimba upande mmoja? Alianguka? Yote hapana. Lingekuwepo hata moja tungekwenda hospitali leo hii, na hilo nimelipigia mstari hapa kwa ajili ya yeyote atakayesoma daftari hili nikiwa sipo.

Maagizo: asilale kitandani. Kitambaa chenye barafu robo saa mara chache kwa siku. Mpira uwekwe kando, akaze tu msuli wa paja mguu ukiwa umenyooka kitandani, ahesabu mpaka tano, aachie. Uvimbe ukishuka arudi, lakini kwa nusu ya kilo alizoachia.

Mama ameumia kuliko goti lake. Alisema kazi yote imepotea. Nilimfungulia kurasa za Januari na Februari na kumsomea. Kilo 1.8 alizofikia ni zaidi ya zile 1.4 alizoanza nazo siku zile kwa maumivu ya 4.

Aprili, mwishoni

Masika imeshika. Uvimbe umeshuka, amerudi na kilo 1, kisha 1.3, na leo 1.8. Njia aliyoipanda kwa wiki kadhaa mwanzoni ameirudia kwa muda mfupi zaidi.

Kupanda huku kwa hatua kuna historia inayohusu magoti hasa. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akihudumia askari waliojeruhiwa katika hospitali moja ya jeshi mjini Chicago, alichapisha makala akionyesha kwamba misuli iliyosinyaa inarudi haraka zaidi ikipewa mzigo unaopimwa na kuongezwa kadiri nguvu inavyokua, kuliko ikirudia jambo jepesi mara nyingi bila kikomo. Alitumia vyuma mguuni. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara 10 tu, na kutoka hapo akapanga nusu, robo tatu na kamili. Mara nyingi mtu hapewi chuma wala kipimo. Anaambiwa "chezesha chezesha goti" na anarudishwa nyumbani. Nawaonea huruma wazee wanaochezesha goti mwaka mzima kwa mzigo uleule. Wametimiza waliyoambiwa, na miguu yao haijaombwa kitu chochote kipya.

Leo pia nimekagua mipira yote. Mkanda mmoja wa dukani una vipele na unanata. Chanzo ni mafuta ya nazi. Mama anachua goti kabla ya mazoezi, mikono inashika mpira, na mafuta yanaulainisha na kuuharibu utomvu. Tumekubaliana kuchua kuwe baada ya mazoezi, na mikono inaoshwa kabla ya kushika mpira. Mkanda wa pili ulikuwa umeachwa dirishani unapigwa na jua, umefanya nyufa ndogo ndogo zinazoonekana ukiuvuta mbele ya mwanga. Yote miwili nimeikata vipande nikaitupa, isije ikaokotwa na kutumika. Mpira ukikatikia mguuni unarudi usoni. Iliyobaki nimeipaka poda ya mtoto na kuiweka kwenye mfuko wa kitambaa kabatini, na kila kabla ya zoezi unavutwa mbele ya taa na kutazamwa, hasa karibu na fundo.

Mei

Tumeongeza zoezi la kusimama. Mpira wa upana wa sentimeta 2.5 umefungwa kwenye nguzo ya baraza kwa kimo cha goti, kitanzi chake kinazunguka nyuma ya goti la mama huku ameielekea nguzo. Anaacha goti lipinde kidogo mbele, kisha analinyoosha dhidi ya mpira mpaka mwisho, kisigino kikiwa chini, mkono mmoja kwenye kiti. Hili linalenga kile kipinda kidogo cha mwishoni. Kwa kuwa anasimama na uzito wake mwenyewe, linafanana na kutembea kuliko lile la kukaa, na mama amelipenda tangu mara ya kwanza. Anasema goti "linajua linapokwenda."

Pia anatembea kwa upande, mpira umezunguka mapaja, hatua kumi kuelekea jikoni na kumi kurudi. Wajukuu wanamfuata nyuma wakimwiga, nami nawaacha.

Kwa ajili ya mkeka, tunashuka vimo. Kiti cha sentimeta 43, kisha kiti cha plastiki cha watoto cha 30, kisha kigoda cha 25, kisha mbuzi yenyewe. Kwenye kila kimo anasimama na kukaa mara 8 kwa mikono kifuani, au kwa mkono mmoja ukutani kama hawezi. Akifaulu kwa maumivu yasiyozidi 3, tunashuka. Yuko kwenye kigoda.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyeteguka bega, ameomba vipande vya tyubu. Nimemkatia, lakini nimemwambia kwanza akaonwe, kwa sababu bega lina mishipa inayoweza kuwa imechanika na mazoezi yake si haya ya goti. Amekwenda.

Juni, wiki ya kwanza

Vipimo vyote vimerudiwa leo, kiti kilekile, ukuta uleule.

Kusimama na kukaa kwa sekunde 30: 11. Januari ilikuwa 6. Ameingia kwenye kiwango cha umri wake, pale chini kabisa, lakini ameingia. Tulipomaliza kuhesabu alibaki amesimama, akauliza kama ile ya mwisho imehesabiwa. Imehesabiwa.

Paja: tofauti imepungua kutoka sentimeta 2 na nusu hadi 1 na nusu. Sijashangaa kwamba haijaisha. Nguvu hurudi kabla ya unene, kwa kuwa mishipa ya fahamu hujifunza upya kuuita msuli mapema kuliko msuli unavyojenga nyama.

Kilo za kunyoosha goti: kushoto 3.1, kulia 3.1. Kwa mara ya kwanza miguu miwili inatumia mpira mmoja.

Kipinda cha mwishoni bado kipo, kidogo. Maumivu ya kutembea sokoni na kurudi 2, siku nyingine 3. Ngazi za barazani anapanda miguu ikipokezana, kushuka bado anashika ukuta. Gegedu halijarudi na hatukuahidiwa kwamba litarudi.

Na mkeka. Ametandika mwenyewe, akaweka taulo lililokunjwa pa kupiga goti na kigoda upande wa kulia. Akashuka, akakaa, akanyoosha miguu. Kuinuka: akageuka ubavu, akashika kigoda kwa mikono miwili, akapiga goti la kushoto kwenye taulo, akaleta mguu wa kulia mbele, akasukuma. Nilisimama karibu na mikono yangu nyuma kama nilivyoombwa. Mara ya kwanza alikwama katikati, akarudi chini, akapumua. Mara ya pili aliinuka. Hakuna aliyeitwa.

Juni, mwishoni

Sala bado ni kwenye kiti. Kusujudu kunahitaji goti likunjike kuliko linavyoweza sasa, na mtaalamu hataki alilazimishe. Tutapima kiwango cha kukunja mwezi ujao kisha tuamue.

Mpango wa Julai: kuinuka mkekani kwa kushika kigoda kwa mkono mmoja. Kushuka ngazi, hatua ya chini kabisa kwanza, mpira ukivuta goti mbele kutoka kwenye nguzo. Vipande vya tyubu vya Februari vipimwe upya mwembeni, kwa sababu vimevutwa sana na nina shaka vile vya sentimeta 2 vimelegea. Kipya cha kukata ni cha sentimeta 3.5. Tyubu zimekwisha, kesho nampitia fundi, na mama amesema atakwenda naye mwenyewe kumshukuru, kwa miguu.